Jina Huandikwa Nairobi, Huitwa Ruring'u

Mwezi Julai mwaka 2014, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa hukumu ambayo sidhani kama ilijadiliwa sana katika vyumba vya walimu, ingawa kiini chake ni kitu tunachokishughulikia sisi walimu kila siku: jina la mtu. Shirika la Transgender Education and Advocacy, lililoundwa kuwatetea watu ambao jinsia wanayojitambua nayo haiafikiani na ile waliyoandikishwa walipozaliwa, lilikuwa limeomba kusajiliwa. Bodi iliyosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali haikulisajili. Kikwazo kilikuwa majina. Waasisi walikuwa wamebadili majina yao, na majina hayo mapya hayakuoana na jinsia iliyoandikwa katika stakabadhi zao. Jaji George Odunga aliona kwamba kuwanyima usajili kwa sababu hiyo ni ubaguzi, na ni kukiuka haki ya raia ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa utaratibu ulio sawa. Akaamuru shirika lisajiliwe.

Mnamo Oktoba mwaka huohuo, mmoja wa waasisi hao, Audrey Mbugua, alishinda kesi nyingine, safari hii dhidi ya Baraza la Kitaifa la Mitihani. Jaji Weldon Korir aliagiza kwamba cheti chake cha KCSE kitolewe upya, kikiwa na jina lake la sasa na bila alama ya jinsia. Hoja ya mahakama ilikuwa nyepesi kueleweka: alama ile haimwongezei mtahiniwa maksi wala haimpunguzii. Hakuna msahihishaji anayeuliza kama karatasi ya hesabu iliandikwa na mvulana au msichana.

Hukumu hizo mbili ni ushindi wa kitaifa, na waliozipigania wanastahili heshima. Hata hivyo, makala haya hayahusu ushindi huo. Yanahusu swali linalofuata baada ya ushindi: je, shirika lililopata cheti Nairobi lina uhusiano gani na kikundi kidogo cha watu wa aina hiyohiyo kinachokutana kimyakimya mahali kama Ruring'u, hapa kiungani mwa mji wa Nyeri? Nani anamsemea nani? Na anayesemewa anapata nafasi gani ya kusema?

Sitakitaja kikundi chochote, wala sitaonyesha mlango wa mtu yeyote. Katika mji ambamo kila mmoja anamjua mjomba wa mwenzake, kutaja ni sawa na kukabidhi. Ninachoeleza ni hali ya vikundi vya namna hii katika miji yetu ya Mlima Kenya, kama anavyoweza kuiona mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza lugha na wasemaji wake.

Nianze na istilahi, maana hapo ndipo mengi huharibika. Kiswahili hakijapata neno moja lililotulia la kumtaja mtu huyu. Wengi husema "aliyebadili jinsia", lakini maneno hayo yanadokeza kwamba kuna siku mtu alifanya mageuzi, ilhali wahusika wengi watakuambia kwamba hawakubadilika. Walikuwa hivyo tangu utotoni. Wengine hulitumia neno "huntha", ambalo ni la mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume kamili wala ya kike kamili. Hilo ni jambo jingine, na Serikali imekwisha kulitambua: katika sensa ya mwaka 2019 mahuntha walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Isitoshe, wapo wanaowachanganya watu hawa na mashoga, kana kwamba swali la "mimi ni nani" na swali la "nampenda nani" ni swali moja. Wenyewe siku hizi hujiita transjenda. Neno hilo limetoholewa, na sikio la mzee wa Tetu linaweza kulikataa, lakini kuna kanuni niliyowafundisha wanafunzi kwa miaka mingi: mtu kwanza huulizwa anaitwaje, kisha ndipo wanaisimu wakosoane. Kwa hiyo nitalitumia.

Sasa tazama linalotokea mtaalamu wa shirika la kitaifa anapokuja kutoa mafunzo mikoani. Mara nyingi vitabu vyake vimeandikwa kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya mafunzo huhusu viwakilishi: asiitwe kwa kiwakilishi cha kiume aliye mwanamke, wala cha kike aliye mwanamume. Kwa Mwingereza au Mmarekani hilo ni suala zito. Lakini Kiswahili hakina tatizo hilo. "Yeye" ni yeye, na "amekuja" hakimtenganishi dada na kaka. Gĩkũyũ nacho kiko vivyo hivyo. Mtu wa Ruring'u anayesikiliza somo la viwakilishi anafundishwa kutibu ugonjwa ambao lugha yake haiugui.

Je, lugha zetu hazibagui? Hasha. Zinabagua kwingine. Zinabagua katika majina ya heshima na ya udugu: Baba Wanjirũ, Mama Kamau, mzee, binti, shangazi, mjomba. Zinabagua katika kitenzi cha ndoa, maana mume huoa na mke huolewa, na hakuna njia ya kulikwepa hilo ila kwa kuzunguka. Na katika nyumba za Agĩkũyũ zinabagua zaidi katika jina lenyewe. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa upande wa nyanya. Jina si kibandiko. Ni babu aliyerudi nyumbani. Cucu humwita mjukuu "mume wangu" kwa utani wenye mapenzi ya kweli, kwa kuwa amebeba jina la marehemu guka.

Fikiria basi mjukuu huyo anapokwenda Nairobi, akabadili jina kwa hati ya wakili, akaliacha la guka. Mbele ya sheria kazi imekwisha. Mbele ya cucu, guka amekufa mara ya pili. Hakuna wakili anayeweza kulitatua hilo, na halitatuliwi kwa warsha ya siku mbili hotelini. Hutatuliwa, likitatuliwa, na mtu anayejua kuketi jikoni kwa bibi kizee, akaongea naye kwa lugha yake, akarudi tena wiki inayofuata. Mtu huyo hayuko Nairobi. Yuko katika kikundi kidogo. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha uhusiano huu. Kuandika jina na kuita jina ni kazi mbili. Shirika la kitaifa huandika: hufungua kesi, hutafuta hati, huandaa mapendekezo kwa Bunge. Kikundi cha mtaani huita: humpa mtu mahali ambapo jina lake jipya linasikika kwa mara ya kwanza mdomoni mwa binadamu mwenzake. Jina lililoandikwa pasipo wa kuliita ni wino mtupu. Jina linaloitwa pasipo kuandikwa halivuki dirisha la benki. Kila upande unauhitaji mwingine, na tatizo huanza upande mmoja unapojiona ndio mti na mwingine jani.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini kikundi cha Ruring'u kisijisajili chenyewe? Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inaruhusu watu kumi au zaidi kuunda kikundi na kukisajili. Ni sheria nzuri kwa chama cha wakulima wa kahawa. Lakini kwa watu hawa ina miiba miwili. Kwanza, orodha ya wanachama huambatana na vitambulisho vyao, na katika vitambulisho mna jina lilelile na jinsia ileile iliyowatia matatani. Pili, ofisi ya kusajili iko mjini hapahapa. Karani anayeipokea orodha huenda ni jirani, mwumini mwenzao kanisani, au mama wa mtoto waliyesoma naye. Kuwaomba watu kumi waandike majina yao pale ni kuwaomba wajitangaze sokoni.

Kwa sababu hiyo kikundi kidogo hujisitiri chini ya mwavuli wa shirika la kitaifa. Shirika lina cheti, lina akaunti ya benki, lina wakili wa kupigiwa simu polisi wakimshika mtu. Nalo shirika hupata manufaa: linaweza kuwaambia wafadhili kwamba lina matawi mikoani. Ni mapatano ya haki, ilmradi pande zote zinayafahamu. Lakini mwavuli ukishikwa na mtu mmoja, yeye ndiye aamuaye nani anyeshewe.

Mwaka 2025 ulitupa mfano mchungu. Mwezi Januari, Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya humu nchini ikafunga milango au ikapunguza watumishi. Mashirika ya kitaifa yanayotegemea wafadhili wa kigeni yalijikuta yakihesabu senti. Fedha zikikauka huko juu, la kwanza kukatwa huwa nauli ya kwenda mikoani. Kikundi kilichokuwa na kawaida ya kuchanga shilingi hamsini kila wiki, kama vyama vya akina mama wetu, kitaendelea kukutana. Kilichozoea kusubiri posho kutoka Nairobi kitatawanyika. Simlaumu anayepokea posho. Mwenye njaa hana miiko. Nasema tu kwamba kikundi kisicho na mchango wake hakina sauti yake.

Pana jambo jingine ambalo watu wa mji mkuu hulisahau, nalo ni umbali kati ya tangazo na anayelipwa kwa tangazo hilo. Mnamo Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba kulikataa shirika la kutetea mashoga na wasagaji lisisajiliwe kulikiuka Kifungu cha 36 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa kujumuika. Hukumu hiyo haikuhusu watu wa transjenda moja kwa moja, lakini ghadhabu iliyofuata, mimbarini na majukwaani, haikupembua. Msemaji wa Nairobi akitoa taarifa kwa vyombo vya habari jioni, hurudi nyumba yenye lango na mlinzi. Maneno yake hufika steji ya matatu ya Ruring'u asubuhi, na anayekabiliana nayo ni kijana anayepanga chumba kimoja kwa mama mwenye nyumba anayesikiliza redio. Je, aliulizwa kabla ya taarifa kutolewa? Aliarifiwa walau saa chache mapema, ili alale kwingine siku hiyo? Hayo si maswali ya siasa kubwa. Ni adabu ya kawaida kati ya mkubwa na mdogo.

Sisi wa Nyeri tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Katika uwanja wa Ruring'u, Desemba 1963, wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni na kuweka silaha chini baada ya Uhuru. Lakini sheria ya mkoloni iliyoharamisha chama chao tangu 1950 haikufutwa hadi 2003. Kwa miaka 40 mashujaa walioimbwa kila sikukuu hawakuweza kukutana kihalali kwa jina lao. Jina lilipoondolewa marufuku, chama cha kitaifa cha maveterani kilisajiliwa, na mwaka 2009 wazee watano wakafungua kesi London kwa msaada wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Ushindi huo ulijengwa kwa ushahidi wa wazee na ajuza wa vijijini, uliosemwa kwa lugha za nyumbani kisha ukageuzwa Kiingereza. Na wengine wengi waliachwa nje: kesi ya pili, ya zaidi ya watu 40,000, ilitupwa na mahakama ya London mwaka 2018.

Silinganishi machungu ya hawa na ya wale. Kila jeraha lina mwenyewe. Nalinganisha utaratibu. Pale pia palikuwa na watu walionyimwa jina la kujumuika, palikuwa na chama cha kitaifa kilichobeba madai yao, na palikuwa na wazee vijijini wasiojua orodha ilifungwa lini wala kwa nini majina yao hayakuingia. Wazee hao hawakukasirikia London tu. Baadhi walikasirikia walioenda London kwa niaba yao bila kurudi kuwaeleza.

Najua wapo wasomaji watakaosema kwamba mambo haya ni mageni, kwamba dini na mila zetu hazina nafasi yake. Sitabishana na dini ya mtu. Kuhusu mila nitakumbusha jambo moja tu. Agĩkũyũ walikuwa na ndoa ambayo mwanamke, mara nyingi mjane au asiye na mtoto, alitoa mahari na kuchukua mke, akahesabiwa kuwa mume katika mambo ya mji, shamba na watoto. Watafiti wameiandika, na wazee wetu wanaikumbuka. Ndoa hiyo haikuwa transjenda, na anayedai hivyo anapotosha. Lakini inatuonyesha kwamba babu zetu waliweza kutofautisha mwili wa mtu na nafasi aliyoishika mjini. Wataalamu wa Kiswahili wanaopendekeza tuseme "jinsi" kwa maumbile na "jinsia" kwa nafasi ya mtu katika jamii wanafuata wazo ambalo si geni kwetu.

Na hata asiyekubaliana nami katika hilo hatakosa kukubali kwamba mwanafunzi ni mwanafunzi. Miaka kadhaa iliyopita mmoja wa wanafunzi wangu alikuja ofisini wiki ya kwanza ya muhula, akaomba jambo moja: niitapo orodha, nimwite kwa jina la ukoo peke yake. Hakueleza sababu, nami sikuuliza. Nilimwita hivyo kwa miaka minne. Hakukosa darasa. Mwalimu mwingine angedai cheti, angeita majina yote matatu kwa sauti, na darasa lingecheka. Cheti hicho, kumbuka, ndicho mahakama ilichosema kinaweza kurekebishwa. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli zinazomhusu. Lakini safari kutoka Kifungu cha 35 hadi kwenye daftari la mahudhurio ni ndefu, na hatua ya mwisho hupigwa na mwalimu.

Mabadiliko makubwa hayaanzii Nairobi kila mara. Mnamo Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret, katika kesi ya mtu wa transjenda aliyekamatwa na kukaguliwa mwili kwa njia ya kumdhalilisha, iliagiza Serikali itunge sheria ya kuwalinda watu hawa, au irekebishe mswada wa mahuntha ili uwahusu nao. Kesi hiyo ilizaliwa na madhila ya mtu mmoja katika mji wa mkoani. Sheria ikitungwa itaitwa ya kitaifa, lakini mizizi yake iko mbali na ofisi za jiji.

Basi tufanyeje? Kwa mashirika ya kitaifa nina ombi la mtu wa lugha: toeni ripoti zenu kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Gĩkũyũ, Kimeru na Kiembu, na mzisome mbele ya wale mliowahesabu ndani yake kabla ya kumpelekea mfadhili. Mtu asiyeweza kusoma kilichoandikwa juu yake hana njia ya kukisahihisha. Kwa vikundi vidogo nasema: changeni chenu, hata kiwe kidogo, na mwulize mwenye mwavuli anauelekeza wapi. Kwa walimu wenzangu nasema: jina analoomba mwanafunzi aitwe halitugharimu maksi hata moja.

Na kama tunatafuta kipimo cha uhusiano mwema kati ya shina na matawi, tunacho papa hapa Nyeri. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alipoanzisha kazi ya upandaji miti mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, vikundi vya akina mama vilivyotunza vitalu vilipewa malipo madogo. Malipo hayo hayakuwa ya mkutano waliohudhuria wala ya shimo walilochimba. Yalitolewa kwa kila mche uliopona. Shirika la kitaifa linapotuhesabia warsha lilizofanya na mabango lililochapisha, tuulize swali la akina mama wale: ni wangapi waliopona? Ni wangapi wanaoitwa kwa majina yao nyumbani kwao, na ni nani aliyekwenda kuwauliza?